Paka wa Wote, Mbwa wa Nani?

Katika mitaa ya Tibirinzi, hapa mjini Chake Chake, wanaishi wakaazi wa aina tatu. Wa kwanza ni wale walioandikwa katika daftari la sheha. Wa pili ni paka, na wa tatu ni mbwa. Hao wa pili na wa tatu hawamo katika daftari lolote, hawahudhurii mkutano wa shehia, hawachangii ujenzi wa madarasa, wala nasaba zao hazijulikani. Hata hivyo hakuna kinachopita mtaani ila wao ndio wa mwanzo kupata habari zake: samaki aliyeteremshwa kwenye baiskeli, mbuzi aliyechinjwa kwa ajili ya harusi, sahani iliyosahauliwa ukumbini, mgeni anayebisha hodi baada ya isha.

Aghlabu safu kama hii hushughulika na mambo mazito: bei ya karafuu, maji ya mfereji, barabara na vyombo vya kuvukia. Leo tumeona si vibaya kuwazungumza wakaazi hao wasioandikwa. Vituko vyao vinachekesha na kuudhi kwa kipimo kimoja, na mwananchi aliyechoka ana haki ya kucheka. Lakini nyuma ya kicheko hicho lipo jambo lililowahi kuua watu katika kisiwa hiki, na ambalo halikuondoka kwa bahati. Tutalifikia.

Tuanze na paka, kwani yeye mwenyewe asingekubali kutajwa wa pili.

Paka wa Tibirinzi hafugwi, hukubaliwa. Hakuna aliyemnunua wala aliyemwita. Siku moja huonekana juu ya ukuta wa ua, akitazama upande mwengine kama mtu aliyekuja kwa shughuli zake. Kesho yake yuko mlangoni. Siku ya tatu amelala juu ya msala uliokwisha kutandikwa kwa sala ya alasiri, na mwenye msala ndiye anayesimama pembeni akingoja kwa adabu. Baada ya hapo hakuna tena suala la ruhusa. Wahenga walisema paka wa nyumba haingwa, na inaelekea paka wenyewe walikuwapo wakati msemo huo unatungwa.

Saa zake ni sahihi kuliko za redio. Muuza samaki hajapiga honi ya baiskeli yake bado yuko njia panda, lakini paka wa mtaa mzima wamekwisha kukaa safu moja barazani, mikia imezungushwa miguuni, kila mmoja akijifanya hamwoni mwenziwe. Katika mwezi wa Ramadhani hubadili ratiba bila ya kuambiwa: mchana kutwa hulala kama wafungao, na ifikapo magharibi huwa wa mwanzo kuizunguka meza ya futari. Wakati wa daku, mwenye nyumba akichelewa kuamka, yupo atakayemkanyaga kifuani mpaka aamke. Hilo la mwisho tunaliandika kama sifa.

Mama wa nyumba hufunika sufuria ya mchuzi kwa sinia, juu ya sinia akaweka jiwe, na juu ya jiwe akaweka macho yake. Paka hashindani na jiwe. Hushindana na macho. Hukaa mbali, akajilamba mguu mmoja kwa makini ya fundi cherehani, mpaka simu ilie au jirani aite kutoka uani. Sinia linapoanguka huwa kipande cha nguru kimekwisha kuvuka ukuta.

Na hapa ndipo linapoanza suala ambalo safu hii inalitaka. Mama huyo hutoka na kuuliza kwa sauti ya kusikika nyumba tano: “Paka wa nani huyu?” Mtaa mzima hunyamaza. Hana mwenyewe. Lakini paka huyo huyo akikamata panya aliyekuwa akila mchele ghalani kwa wiki mbili, kila nyumba husema, “Ndiye paka wetu.” Tunamjua mmoja hapa mtaani mwenye majina matatu. Nyumba ya kwanza anakopata uji asubuhi humwita Sharifa. Ya pili, anakokula mchana, humwita Mwinyi. Na ya tatu, anakolala, humwita Kidosho. Huitikia yote matatu iwapo sahani inasikika, na halijui hata moja iwapo haisikiki. Ni mume, kwa taarifa ya nyumba ya kwanza.

Wataalamu wa wanyama wameyachunguza mengi katika mambo haya yanayotuudhi, na majibu yao yanastahili kujulikana. Wanasema paka waliokomaa ni nadra kuliliana wao kwa wao. Sauti ile ya kulalamika tuisikiayo jikoni huitumia zaidi kwa kuzungumza na binaadamu. Yaani tumetungiwa lugha, nasi tukadhani tunapigiwa kelele. Kule kukanda kwa miguu ya mbele juu ya mto au juu ya tumbo la mzee aliyejilaza, mithili ya mtu akandaye unga wa mkate wa mofa, ni tabia ya utotoni: ndivyo mtoto wa paka akandavyo ziwa la mama yake ili maziwa yateremke. Kule kujisugua mashavu kwenye miguu ya meza na miguu ya wageni si mapenzi matupu. Mashavuni mna tezi za harufu, naye anatia alama kwamba meza hii na mgeni huyu ni mali yake.

Mwaka 2005 wataalamu walieleza kwamba sehemu ya urithi inayomwezesha mnyama kuonja utamu imeharibika katika jamii ya paka. Kwa hiyo yule alambaye kikombe cha chai ya maziwa hafuati sukari, anafuata mafuta. Na maziwa yenyewe huwachafua tumbo paka wengi wakishakuwa wakubwa, jambo ambalo hudhihirika baadaye, kwa kawaida juu ya zulia la wageni. Ama ile tabia ya kuleta panya mfu, au mjusi nusu hai, na kumweka kizingitini mbele ya jamaa, ikumbukwe kwamba paka jike huwapelekea watoto wake windo ili wajifunze. Huenda basi ametutazama miaka yote hii tukinunua samaki badala ya kuwawinda, akatuonea huruma.

Paka alikuja pwani hii kwa kazi. Panya waharibuo nafaka katika nyumba zetu asili yao ni Asia, nao walisafiri katika majahazi. Wachimbaji wa mambo ya kale wameikuta mifupa ya panya hao katika mji mkongwe wa Unguja Ukuu. Kila chombo kilichobeba mchele kilibeba panya, na nahodha mwenye akili alibeba na paka. Juu ya kazi hiyo, paka alipata heshima ya dini. Sahaba aliyepokea hadithi nyingi za Mtume anajulikana kwa lakabu ya Abu Huraira, maana yake baba wa kipaka. Tuliosoma chuoni tulifundishwa mapema kwamba maji aliyokunywa paka hayanajisiki, kwa kuwa yeye ni katika wale wanaotuzunguka majumbani mwetu. Tulifundishwa pia habari ya mwanamke aliyemfungia paka asimlishe wala asimwache akajitafutie, na mwisho wa mwanamke huyo. Basi paka akapita mlango wa mbele, akakaa.

Mbwa naye amebaki nje, na kila mmoja wetu anajua sababu. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu, mate na unyevu wa mbwa ni najisi nzito. Chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja katika hizo kwa udongo. Wafuasi wa Imam Malik wana kauli nyepesi zaidi, lakini hapa hatuko Tunisia. Hata hivyo hakuna kitabu chochote kinachofundishwa katika vyuo vyetu kinachosema mbwa si kiumbe, au kwamba afugwaye kwa sababu hana haki. Mbwa wa kuwindia, wa kulinda mifugo na wa kulinda shamba wameruhusiwa kwa maandiko. Mbwa wa watu wa pangoni ametajwa ndani ya Kurani pamoja na mabwana zake. Na aliyeteremka kisimani akajaza kiatu chake maji kwa ajili ya mbwa mwenye kiu, sote tunajua alilipwa nini. Umbali wa najisi ni jambo moja. Kumkana kiumbe unayemtumia ni jambo jengine.

Maana tunawatumia. Mkulima wa muhogo anayelala shambani kwa ajili ya nguruwe mwitu, wale ambao husimuliwa kwamba waliachwa kisiwani na Wareno, hawezi kazi hiyo bila ya mbwa. Wasasi wa vijijini huwinda nao. Mwenye mbuzi ishirini huko pembeni mwa mji anaye mmoja, ingawa ukimuuliza atakwambia kwamba “anakujakuja tu”. Ni paka yule yule wa majina matatu, ila kwa upande wa mbwa hata jina moja halikubaliki hadharani. Mbwa akimfukuza mwizi wa mbuzi ni “mbwa wangu”. Akiiba viatu vilivyovuliwa mlangoni, akavitafuna kimoja kimoja kutoka jozi mbalimbali, ni koko asiye na kwao.

Vituko vyake navyo ni hesabu kubwa. Mbwa mmoja wa Tibirinzi akibweka saa nane za usiku kwa sababu ya jani lililoanguka, wa Machomane humjibu, wa Madungu hudakia, na kabla ya robo saa mji mzima umo katika mjadala ambao hakuna anayejua hoja yake ya mwanzo. Alfajiri, sauti ya muadhini inaponyanyuka, huanza kulia kwa mlio mrefu. Wazee wana tafsiri zao juu ya wakionacho mbwa wakati huo, nasi hatuingilii. Wataalamu wanasema mlio mrefu wa aina yoyote, hata wa king’ora cha gari la wagonjwa, humwamsha mbwa kujibu, kwani ndivyo mababu zake walivyoitana kutoka mbali. Kabla ya kulala huzunguka mara tatu au nne pahala pamoja kama atafutaye senti iliyopotea. Inasemwa ni urithi wa kulaza majani porini. Hujigaragaza juu ya samaki aliyeoza kwa furaha ya bwana harusi anayejipaka udi. Na akimwona mtoto anakimbia, humfuata. Tuliokuwa tukienda chuoni kabla ya jua kuchomoza tunalijua hilo: mkimbiaji ndiye anayefukuzwa, na msimamaji hunuswa tu akaachwa.

Lakini kero kubwa kuliko zote hapa Pemba huja msimu wa karafuu. Majamvi yametandazwa kila pahala penye jua, karafuu zimeanza kubadilika kutoka kijani kwenda hudhurungi, na mwenye mali amekwenda kunywa maji tu. Akirudi, paka amejikunja katikati ya jamvi kwa ajili ya joto, na mbwa amepita moja kwa moja kutoka pembe hii hadi ile, miguu ikiwa na tope. Karafuu zenye uchafu hushuka daraja katika kituo cha ununuzi cha Shirika la ZSTC, na mizani haikubali udhuru wa mbwa. Hapo husikika tena lile suala: “Wa nani huyu?” Na hapo husikika tena ule ukimya.

Ukimya huo una gharama kubwa kuliko pishi ya karafuu.

Kichaa cha mbwa si maradhi ya hadithi katika kisiwa hiki. Kuanzia mwaka 2010 wataalamu wa Tanzania, wakishirikiana na wenzao wa nje, waliyafuatilia hapa Pemba kwa muda wa miaka kumi. Walifanya kazi kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya mguu: kumwendea kila aliyeumwa, kumuuliza aliumwa na mbwa gani, kisha kumtafuta mbwa na mwenyewe, na kuuliza mbwa huyo naye alipigana na nani, nyumba hadi nyumba. Ya pili ni ya maabara: kusoma urithi wa kirusi chenyewe na kujua kipi ni ndugu wa kipi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2023. Yalionesha kwamba mwaka 2010 palikuwa na minyororo mitano ya maambukizi ikitembea kisiwani kwa wakati mmoja. Chanjo ya mbwa ya kila mwaka, kisiwa kizima, iliikata mmoja baada ya mwengine, na ilipofika Mei 2014 yote ilikuwa imekwisha. Idadi ya mbwa wagonjwa, ya watu walioumwa na ya waliokufa ilikuwa ikishuka sambamba na kuimarika kwa chanjo.

Kisha chanjo ikalegea. Kwa nini ilegee? Kwa sababu ugonjwa usioonekana hauna mtetezi katika mipango. Mwishoni mwa mwaka 2016 kirusi kiliingia tena, si mara moja bali mara mbili, kutoka nje ya kisiwa. Mkondo wa Pemba ni mpana na wenye kina kirefu. Mbwa hauvuki kwa kuogelea. Amekuja katika chombo cha mtu. Na hapa wenzetu wa bandarini na wa madiko madogo wanapaswa kuelewa jambo moja: mnyama aliyeambukizwa huweza kukaa wiki kadhaa, na pengine miezi, akiwa mzima kwa kumtazama, akila na kuchezesha mkia. Kumwangalia tu hakutoshi. Anayetaka kumteremsha mbwa Mkoani, Wete au Wesha aulizwe cheti cha chanjo kama anavyoulizwa tiketi. Mripuko ule ulizimwa Oktoba 2018, baada ya chanjo ya kisiwa kizima kurejeshwa. Ndani ya miaka hiyo miwili ziko familia zilizojua maana ya kungoja.

Wapo wasemao, tena kwa sauti kubwa barazani, kwamba dawa ya mbwa ni risasi. Kauli hiyo imejaribiwa kwengineko, na wa kuwauliza ni watu wa visiwani kama sisi. Mwaka 1997 kisiwa cha Flores huko Indonesia, ambacho hakikuwa na kichaa cha mbwa, kilipokea mbwa watatu waliopakiwa katika chombo kutoka kisiwa cha Buton. Ugonjwa ulipozuka, wakubwa waliamuru mbwa wauawe, wakauawa kwa maelfu. Kirusi kikabaki. Kisiwa cha Bali kilipatwa na msiba huo huo mwaka 2008, nako mauaji ya mbwa hayakufua dafu mpaka ilipokuja chanjo ya jumla. Sababu yake si ya miujiza. Mpiga risasi humpata kwanza mbwa mpole anayekaa karibu na watu, ambaye pengine amekwisha kuchanjwa. Yule mkali hukimbia. Wenye mbwa wao huwaficha au huwahamishia kijiji cha pili, ugonjwa ukasafiri nao. Na pahala palipobaki wazi hujazwa na watoto wa mbwa waliozaliwa baadaye, ambao hawana kinga yoyote. Kipimo kinachokubaliwa na wataalamu ni kuchanja mbwa sabini katika kila mia, kila mwaka, kwa kuwa kila mwaka huzaliwa wapya.

Sabini katika mia. Nani atawaleta hao sabini, ikiwa kila mmoja wetu “hana mbwa”?

Hili ndilo fundo. Bwana mifugo anapoweka meza yake chini ya mwembe, na sheha amekwisha kutangaza kwa kipaza sauti, wanaojitokeza aghlabu ni watoto, na kamba ya mnazi mkononi. Mtu mzima huona haya kuonekana akimvuta mbwa katikati ya mji, kupita mbele ya baraza la wazee, hali kesho yake atataka kushika nafasi safu ya mbele msikitini. Haya hiyo tunaifahamu na hatuidharau. Lakini kamba ina urefu wa kutosha. Hakuna anayelazimika kumkumbatia mbwa ili achanjwe. Mikono huoshwa, nguo hubadilishwa, udongo upo tele. Uhai wa mtoto aliyeumwa haurudishwi kwa kuosha mara saba wala sabini.

Viongozi wa shehia na wa matawi ya Chama wanaweza kuimaliza haya hiyo kwa asubuhi moja, kwa wao wenyewe kuwa wa mwanzo kusema mbele ya watu: “Huyu ni wangu.” Tunajua wanao. Tumewasikia wakibweka.

Faida nyengine ya kuwa na mwenyewe haihitaji sindano wala bajeti. Dalili ya mwanzo ya kichaa cha mbwa, mara nyingi, si povu mdomoni kama tunavyosimuliana. Ni kubadilika kwa tabia. Mbwa mkali huwa mpole ghafla na kumkaribia mtu asiyemjua; mpole huuma bila ya sababu; mbwekaji sauti yake huwa ya kukwaruza; mlafi hushindwa kumeza. Paka naye hupatwa: yule aliyekuwa akivizia sufuria kila siku hujificha mvunguni mwa kitanda, na anayemwekea mkono hurukiwa usoni. Ni nani basi atakayejua kwamba mnyama amebadilika, isipokuwa yule aliyekuwa akiudhika naye kila siku? Mama aliyeuchoka wizi wa Sharifa, almaarufu Mwinyi, ndiye atakayeshangaa siku ya kwanza sufuria isipoguswa. Mwenye mbuzi ambaye “hana mbwa” ndiye pekee anayeujua mlio wake wa kawaida. Wale wataalamu walioufuata ugonjwa nyumba hadi nyumba waliutegemea ujuzi wa watu wa namna hiyo. Mbwa asiye na mwenyewe hana wa kumtolea ushahidi.

Kwa aliyeumwa au kukwaruzwa, maneno ni machache na yasisubiri. Jeraha lioshwe papo hapo kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni, kwa muda wa robo saa kamili kwa saa ya ukutani, hata kama linaonekana dogo. Lisipakwe mafuta ya taa, kahawa, wala majivu. Kisha aende hospitali siku hiyo hiyo akaanze chanjo, na azimalize sindano zote kwa tarehe alizopewa. Anayetaka kusomewa asomewe, hakuna anayemkataza, lakini asomewe akiwa njiani kwenda hospitali. Ugonjwa huu, dalili zake zikishajitokeza kwa binaadamu, takribani hakuna anayepona. Lakini kabla ya dalili unazuilika. Hivyo ndivyo ilivyo tangu Julai 1885, Louis Pasteur alipomdunga sindano huko Ufaransa mtoto wa miaka tisa aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa, na mtoto akaishi.

Kwa upande wa Serikali, tungependa kuona mambo mawili tu katika mipango ya mwaka. Fungu la chanjo ya mbwa na paka lisiwe la kwanza kukatwa kwa hoja kwamba hakuna mgonjwa. Mwaka 2016 ulikuja baada ya miaka miwili na zaidi isiyo na mgonjwa. Na ratiba ya meza ya chanjo ipangwe kwa kutazama maisha ya watu: isiwe asubuhi ya Ijumaa, isiwe katikati ya uchumaji wa karafuu wakati mji mzima uko mashambani, na isiwe katika kiwanja cha mbali ambako kumfikisha mbwa ni kupigana na mbwa wa mitaa mitatu njiani. Siku ya tarehe 28 Septemba, ambayo dunia huiadhimisha kwa ajili ya ugonjwa huu, ingefaa sana, iwapo msimu unaruhusu.

Linabaki suala la kumfikisha paka mezani, na hapa tunakubali kwamba mbwa ana nafuu, kwani yeye walau hufuata kamba. Paka anajua siku ya chanjo kama anavyojua saa ya samaki, na siku hiyo haonekani barazani. Ushauri uliotolewa na wazoefu wa mtaa huu ni gunia safi la mchele, kichwa cha nguru ndani yake, na watu wawili wenye mikono mirefu ya shati. Kuhusu yule wa majina matatu, nyumba zake zimeshindwa kuafikiana bado ni jina lipi litakaloandikwa katika kadi.